Mwindaji Aliyebebwa na Mti: Maoni juu ya Kitabu cha Saxton Pope cha Uwindaji kwa Upinde

Kila mwalimu aliyefundisha Zaburi ya 42 ameulizwa swali hili, na asiyeulizwa basi darasa lake lilikuwa limesinzia: ayala ni mnyama gani? Wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, walilitwaa neno la ukoo wa Kiebrania wakalivika mavazi ya Kiswahili, kwa kuwa mnyama mwenyewe hayumo katika nchi zetu. Hatuwalaumu. Lakini mtoto hatosheki na jina. Ataka kumwona mnyama. Wengi wetu tumejibu, "Ni kama kulungu," kisha tukapita upesi kwenda mstari wa pili.

Jibu hilo lina upungufu. Kusini mwa Sahara hakuna ayala wa asili hata mmoja. Afrika nzima yuko wa kabila moja tu, naye ni wa misitu ya kaskazini, pande za Aljeria na Tunisia. Pembe za kulungu wetu, na za pofu, na za kuro, ni kama ala iliyovikwa mfupa, naye hukaa nazo mpaka kufa. Pembe za ayala ni mfupa mtupu wenye matawi. Kila mwaka hudondoka, zikaota upya. Mtu aliyemwona ayala dume mwezi wa Oktoba, akamwona tena mwezi wa Machi, angeapa kwamba ameona wanyama wawili.

Katika kumtafuta mnyama huyu tulijikuta tukisoma vitabu vya wawindaji, maana wao ndio waliokaa naye karibu. Kimoja katika hivyo twapenda kukileta mbele ya wasomaji wetu: "Hunting with the Bow and Arrow" cha Saxton Pope, kilichotolewa San Francisco mwaka 1923. Kimepita umri wa miaka mia, walakini wawinda kwa upinde wa Marekani wakihesabu ukoo wao huuanzia hapo, na chama chao kikubwa, kilichoundwa mwaka 1961, chaitwa kwa majina ya Pope na ya mwenzake Arthur Young. Twakileta kwa sababu mbili. Ya kwanza, mwalimu wa Pope katika kazi hii alikuwa mtu ambaye wengi wa wakati ule wangalimwita mshenzi bila kusita. Ya pili, Pope na Young walifika kwetu, Tanganyika, mwaka 1925, na waliyoyafanya hapa yaonyesha ni wapi mwanafunzi alipoachana na mwalimu wake.

Mwalimu huyo ni Ishi. Tarehe 29 Agosti mwaka 1911, karibu na mji wa Oroville katika California, alionekana mtu mmoja kwenye uwanja wa machinjio, amekonda kwa njaa, nywele zake amezichoma fupi kwa maombolezo. Alikuwa wa mwisho wa watu walioitwa Wayahi, ambao wengi wao waliuawa na walowezi katika karne ya 19, na waliosalia walijificha milimani miaka mingi hata wakaisha mmoja mmoja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walimchukua akae katika jumba lao la makumbusho huko San Francisco. Alipoulizwa jina hakulitaja, kwa kuwa desturi ya watu wake haikumruhusu mtu kujitaja mwenyewe. Basi Profesa Alfred Kroeber akampa jina la Ishi, ambalo katika lugha yake maana yake ni "mtu". Wasomaji ambao kwao mke hamtaji mumewe kwa jina, wala mkwe hamtaji mkwewe, hawataona ajabu.

Pope alikuwa daktari wa kupasua katika chuo cha utabibu kilichokuwa jirani na makumbusho hayo. Tangu mwaka 1912 alimtibu Ishi, akawa rafiki yake, akajifunza kwake kuchonga upinde na kuupiga. Ishi alikufa kwa kifua kikuu tarehe 25 Machi mwaka 1916. Miaka miwili baadaye Pope alichapisha maandiko ya kitaalamu juu ya upinde wa Wayahi, na humo mna vipimo vyote. Kitabu cha 1923 ndicho kilichokwenda kwa watu wote.

Uandishi wake ni wa tabibu. Akieleza jinsi ya kuchonga upinde wa mti, jinsi ya kusokota upote, jinsi ya kutia manyoya katika mshale, maneno yake ni machache na kila neno lina kazi. Kijana mwenye panga na subira angeweza kumfuata hatua kwa hatua. Akipanda farasi wa hadithi, huchosha. Sura za dubu na za simba wa milimani zina kelele nyingi za kujisifu, ijapokuwa za mtu mwungwana. Sura tatu za mwanzo, ambazo ni za Ishi, ndizo zilizobeba kitabu, na katika hizo ile ya tatu, juu ya namna Ishi alivyowinda, ndiyo tuliyoisoma mara nne.

Ishi alipokusudia kuwinda ayala hakula samaki siku iliyotangulia, wala hakuvuta tumbaku. Aliamka alfajiri akaoga katika kijito, akajisugua mwili kwa majani yenye harufu nzuri ya porini, akasukutua kinywa, akanywa maji, wala hakula kitu. Alikwenda karibu uchi, bila viatu, kwa kuwa nguo hufanya kelele vichakani, na mtu mwenye ngozi tupu huangalia zaidi anapopita. Wakati mwingine alijivika kichwa cha ayala kilichojazwa majani, akajificha nyuma ya kichaka, akakiinua na kukiinamisha mpaka mnyama ajongee kutazama. Alijua kumwita kwa jani lililokunjwa baina ya midomo, kwa sauti ya mtoto wa ayala anayelia. Mahali pake palikuwa kando ya njia ya wanyama, nyuma ya jiwe au ya kijiti, amechuchumaa, upinde mfupi ameushika kwa kulalia. Upinde huo ulikuwa wa mti wa mreteni, mgongoni umebandikwa kano, na nguvu yake haikuzidi ratili 45 au karibu yake. Leo wawindaji wengi wa Marekani wangeuona ni wa kijana.

Hapo pana jambo ambalo Pope alilisema kwa uaminifu, naye twamsifu kwalo. Ishi hakuwa hodari katika shabaha za mchezo, zile duara kubwa za rangi zinazowekwa mbali uwanjani. Hakuona maana yake. Bali kitu kidogo kilicho karibu, kama sungura au kware, hakukikosa mara nyingi. Ustadi wake ulikuwa katika kuuondoa umbali kabla ya kuuvuta upinde. Kiswahili kina maneno mazuri hapa, na twayasikitikia kwa kuwa yanafifia: kunyatia ni kumwendea mnyama, kuotea ni kumngoja. Kuvizia ni neno la adui na la mwizi. Ishi alijua kunyatia, lakini zaidi alikuwa mwoteaji.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Katika sura hizo Pope anataja miiko ya Ishi. Miongoni mwake: upinde usirukwe na mtoto, wala usishikwe na mwanamke, na upinde uliolegezwa upote usisimamishwe wima, ulazwe, kwa maana ukisimama utakuwa ungali kazini, utatoka jasho na kuwa dhaifu. Pope anaandika haya kwa upole, hadhihaki. Hata hivyo anayagawa. Ule mwiko wa tumbaku aueleza kwa akili, kwamba mnyama huinusa kutoka mbali. Hii mingine aiacha kando kama mapambo ya mtu wa kale. Ishi mwenyewe hakugawa. Kwake kuoga, kufunga, kulaza upinde na kunyamaza vilikuwa kazi moja, nayo ilianza jana yake.

Nasi tuna deni letu katika jambo hili. Tulipokuwa walimu wapya tulitakiwa kukusanya desturi za wazee wa kijiji tulichopangiwa. Mzee mmoja, aliyewinda kwa upinde katika ujana wake, alitukalia jioni tatu. Alisema mwindaji halali na mkewe usiku wa kuamkia safari, hajibu salamu njiani, haonji kitunguu, huoga maji yaliyoloweka majani fulani. Tulikuwa tumechora mstari katikati ya ukurasa: kulia tuliandika "Maarifa", kushoto tuliandika "Ushirikina". Vyembe, upote, uchungu wa mishale, vyote tuliviandika kulia kwa uangalifu. Kuoga kwa majani tulikuandika kushoto. Na kwa kuwa kulikuwa kushoto, hatukuuliza jina la majani. Mzee alifariki kabla hatujapata akili ya kurudi. Daftari tunalo.

Wala Ishi hakuheshimiwa zaidi na wasomi waliompenda. Desturi ya watu wake ilikuwa maiti ichomwe nzima. Kroeber, aliyekuwa safarini, aliandika barua kupinga mwili usipasuliwe. Barua ilichelewa, mwili ukapasuliwa, ubongo ukatolewa na baadaye ukapelekwa Washington. Ulirudishwa kwa watu wa ukoo wake mwaka 2000 tu. Twalitaja hili bila kutoka nje ya kitabu, maana laonyesha jinsi mtu awezavyo kuusifu upinde wa mwenzake kwa moyo wote, na mwiko wa mwenzake akaupima kwa kipimo kingine.

Turudi kwa Pope. Baada ya Ishi kufa, upinde wake ulibadilika. Aliacha ule mfupi wa mreteni akafuata upinde mrefu wa Waingereza wa kale, wenye nguvu ya ratili 65, 70 na zaidi, na vyembe vipana vya chuma vyenye makali ya wembe. Hatusemi alikosea, mnyama mkubwa ahitaji chombo cha kumuua upesi. Lakini pamoja na upinde, swali nalo lilibadilika. Ishi aliuliza, "Nitafikaje karibu?" Pope, kadiri kurasa zinavyosonga, auliza, "Upinde waweza kuua nini?" Twaona ayala, halafu dubu mweusi, halafu simba wa milimani, halafu dubu wakubwa wa Yellowstone, waliouawa mwaka 1920 kwa ajili ya makumbusho. Ni ngazi ya wanyama, na kila kipandio ni cha mnyama mkali zaidi. Tena ni ajabu kwamba kwa dubu hao wakubwa, walipoona hatari ya kweli, Pope na Young walijificha nyuma ya mawe wakangoja usiku, kama Ishi. Mwandishi haonekani kutambua kwamba amerudi darasani.

Kipandio cha juu kilikuwa simba, nao walimtafuta Tanganyika. Habari zake zimo katika kitabu cha pili cha Pope, "The Adventurous Bowmen", cha mwaka 1926, ambao pia ndio mwaka wa kufa kwake. Pamoja nao alikuwako Stewart Edward White, mwandishi wa vitabu na mpiga bunduki hodari. Simba walipigwa mishale, na baadhi yao waliuawa kwa mishale. Bunduki zilisimama tayari kando, na mara kadhaa ndizo zilizomaliza kazi. Sababu yaeleweka. Mshale huua kwa kutoa damu, nao hutaka muda kidogo. Simba katika muda huo mdogo aweza kumfikia mpigaji. Basi twauliza: kilichojaribiwa ni kitu gani? Upinde ulishika sifa na bunduki ilishika dhamana.

Si mbali sana na nchi ile waliyowinda, kando ya Ziwa Eyasi, walikuwako Wahadza, na wako hata leo, watu ambao kwao upinde ni chakula. Wakati wa kiangazi hukaa usiku wakiotea kwenye maji, katika kificho cha matawi au cha mawe. Kenya walikuwako Waata, walioitwa pia Waliangulu, ambao pinde zao zilizidi ratili 100 kwa nguvu, na kwa sumu ya msunguti walimwangusha ndovu. Kwa Ishi Pope alikwenda kama mwanafunzi, akakaa naye miaka. Tanganyika alikuja kama mtu anayejaribu silaha, akarudi kwao. Hapo ndipo twaona kitabu cha pili ni pungufu kuliko cha kwanza, ingawa safari yenyewe ilikuwa kubwa zaidi.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 1956 na 1957, serikali ya kikoloni ya Kenya iliwasaka Waata katika nchi ya Tsavo, wakatiwa gerezani kwa wingi. Ndovu walihitaji kulindwa, hatulikani. Pembe zao zilikuwa zikiuzwa na wafanyabiashara ambao si wao waliolala gerezani. Lakini msomaji akiviweka vitabu viwili hivi mezani pamoja na habari za Tsavo, ataona upinde mmoja ukiitwa ushujaa mkononi mwa mgeni mwenye leseni, na uhalifu mkononi mwa mwenyeji asiyeweza kuipata. Tangu mwaka 1977 uwindaji umepigwa marufuku Kenya kwa watu wote, wala hatuandiki haya ili mwalimu yeyote awapeleke vijana porini na mishale.

Huko Marekani mambo yalikwenda njia nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 ayala wenye mkia mweupe walikuwa wamebaki wachache kwa kuwindwa ovyo; kwa sheria za misimu na za leseni waliongezeka tena, hata sasa ni mamilioni, nao hula mashamba na bustani. Wisconsin ilifungua msimu wa upinde peke yake mwaka 1934. Mwaka 1969 Holless Wilbur Allen wa Missouri alipata hati ya upinde wenye magurudumu kwenye ncha zake, unaopunguza uzito mkononi mtu akiisha kuuvuta. Kwa chombo hicho mtu wa nguvu za kawaida hupiga mbali kuliko Ishi. Yamkini mtu angedhani kwamba sasa umbali ndio utakaotawala. La. Wawindaji wenyewe wamerudi karibu, wamepanda mtini.

Kwa miaka mingi walipanda majukwaa ya chuma yaliyofungwa kwenye shina, jamaa ya ulingo wetu wa shambani, ila ulingo wetu ni wa kufukuza ndege na nguruwe, wala hatuufichi. Jukwaa ni zito, hufanya kelele likibebwa, na kuanguka kutoka majukwaani kumekuwa miongoni mwa sababu kubwa za wawindaji wa huko kuvunjika na kufa. Tangu miaka ya 1980 baadhi yao walianza kutumia kitu kingine, na baada ya mwaka 2018 hivi kimeenea sana. Ni kitambaa kipana chenye nguvu, kinachopita chini ya makalio na kufungwa kiunoni na mapajani. Kamba fupi huunganisha ubavu wa kulia na wa kushoto mbele ya tumbo. Kamba nyingine huzunguka shina juu ya kichwa. Hizi mbili hushikamanishwa kwa pete ya chuma. Mwindaji hupanda kwa vipandio vidogo, na wakati wote wa kupanda ukanda huzunguka mti na kiuno chake. Akifika juu, mita tano au sita, hukanyaga kibao kisicho kikubwa kuliko sinia, hujiegemeza nyuma, na kitambaa humpokea. Vyote hukunjwa vikaingia mfuko wa mgongoni.

Waamerika hukiita tandiko. Jina hilo twaliona halifai kwa Kiswahili. Tandiko huwekwa mgongoni mwa mnyama, na mtu hukaa juu yake akiwa bwana. Hapa mtu haukalii mti. Mti ndio umchukuao, naye ameuelekea shina, uso kwenye gome, kitambaa kimemshika chini kwa nyuma. Mama yeyote wa kwetu akimwona atasema mara moja ni nini. Ni mbeleko. Twapendekeza iitwe mbeleko ya mti. Neno hili halikuja kwa sababu ya utamu wake peke yake, bali laeleza kazi ya chombo kuliko lile la Kiingereza: mtoto wa mbeleko huchungulia kwa upande wa bega la mama, na mwindaji huyu huchungulia kwa upande wa shina. Ayala akija kutoka kulia, yeye huzunguka kidogo kidogo kwenda kushoto, na mti hukaa kati yao. Ile ndiyo hila yote. Jiwe la Ishi limesimamishwa wima.

Ukisoma mafundisho yao utamkuta Ishi kila mahali, asipotajwa. Huoga kwa sabuni isiyo na harufu. Nguo za kuwindia huziweka katika sanduku lililofungwa, na wengine hutia majani ya msituni ndani yake. Hawavuti sigara. Hutazama upepo kabla ya kuchagua mti, nao wajua kwamba asubuhi hewa ikipata joto hupanda, na jioni ikipoa huteremka bondeni ikichukua harufu ya mtu pamoja nayo. Kwa hiyo mti mwema wa asubuhi waweza kuwa mbaya jioni. Mengi ya haya mzee wetu alitueleza kwa maneno mengine. Hakuna mtu Marekani aliyeandika "ushirikina" juu ya kipande cha sabuni.

Walakini mti una majaribu yake, na hapa twawasifu walimu wao walio wakweli. Mtu aliye juu humwona ayala akija mpaka chini ya miguu yake kabisa, naye hufikiri kwamba karibu hiyo ndiyo bora. Sivyo. Mshale ushukao wima kupita mgongoni waweza kupata pafu moja tu, na mnyama mwenye pafu moja aweza kukimbia mbali akafa asipoonekana na mtu. Yafaa kumwacha apite, asimame ubavu wazi au ameanza kumpa mwindaji kisogo kidogo, mshale upate mapafu yote mawili. Baada ya kupiga hungoja nusu saa au zaidi, ndipo ashuke asome damu. Nyekundu yenye povu ni ya mapafu. Nyeusi ni ya ini, na hapo sharti angoje saa nyingi. Yenye uchafu wa majani ni ya tumbo, na mwindaji mwema huona haya, hukaa, hungoja zaidi, hutafuta kwa magoti hata usiku. Tuliposoma habari hizi tuliona kwamba maswali ya Kikristo juu ya uwindaji yamo hapa zaidi kuliko katika lile swali la jumla tunaloulizwa, kama ni dhambi kuua mnyama au sivyo. Mtu aliyejeruhi ana deni la kutafuta. Kitabu cha Pope chapita upesi mno juu ya deni hili, kwa mtu aliyekuwa tabibu wa vidonda.

Jambo moja la urithi wa Pope lingali nao, nalo ni kupima. Chama chenye jina lake huandika daftari la pembe, kila tawi kwa inchi. Ayala mwenye mkia mweupe mwenye pembe za kawaida haandikwi asipofikia 125. Wengi wa wawindaji hula nyama, na wengine huigawa kwa maskini, wala hatuwahesabu wote kuwa watu wa inchi. Lakini kwa Wayahi pembe ilikuwa chombo: ncha yake ilichongea vyembe vya mawe, kano za mgongo na miguu zilikwenda kwenye upinde na upote, na ayala mmoja alimsaidia mwindaji kumpata wa pili. Pope aliyajua haya yote, ameyaandika mwenyewe katika sura ya pili. Kisha akahesabu simba.

Kwa mwalimu atakayekipata kitabu twashauri hivi: asome sura tatu za kwanza na ile ya misingi ya kuwinda, awasomee wanafunzi wake habari za kuoga, za jani na za kichwa cha ayala, zilizobaki azipitie kwa jicho tu. Tena asitafsiri ayala kwa kulungu, wala kulungu kwa ayala. Mmoja huangusha pembe zake, mwingine hazimtoki.

Twaomba pia msaada wa wasomaji katika maneno. Tunayo kuotea, na kioteo, na maoteo. Ulingo na dungu ni vya shamba. Je, katika lugha za kwenu liko neno la mahali pa kuotea palipo juu ya mti, na la mtu akaaye hapo? Na miiko ya usiku wa kuamkia safari iletwe kama wazee waisemavyo, pamoja na majina ya majani, bila mstari katikati ya ukurasa. Mwaka jana tulikwenda kwa mjukuu wa yule mzee. Alitupeleka nyuma ya nyumba, kwenye ukingo wa kijito, akatuonyesha vichaka viwili, akasema babu yake alitumia kimojawapo, yeye alikuwa mdogo. Tulichuma matawi ya vyote viwili tukayakausha baina ya karatasi. Kimoja kina harufu kali kama mrehani. Cha pili hakina harufu yoyote, nacho, kwa kazi ile, twadhani ndicho chenyewe.